Mpangaji Ajaza Ukumbi

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Jumatatu, tarehe 14.

Mpendwa Kaka,

Kabla ya yote, goti lako linasemaje? Wifi aliniambia kwenye simu kwamba unapanda ngazi kwa kujivuta na bado hutaki kwenda hospitali. Nenda, kaka. Ukaidi wako tunaujua toka utotoni, huna haja ya kumwonyesha na daktari. Na watoto je, wamezoea baridi ya huko? Sisi huku wazima kabisa. Mama anakula vizuri, anasikia anachotaka kusikia, na bado anaamini kwamba mtu akipiga simu ya mbali lazima apige kelele. Mimi mgongo unanisumbua kidogo kwa kukaa na cherehani kutwa, lakini si wa kulalamikia.

Sasa kaa chini, maana habari niliyo nayo imeninyima utulivu toka Jumamosi. Ni ya dada yetu. Usishtuke, si mbaya.

Siku unaondoka ulimkalisha dada pale jikoni, ukamwambia achague muziki mmoja atulie nao, kwa sababu akiendelea kuhamahama atazeeka bila watu wake. Hukusema kwa ubaya. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kwenye kwaya akaingia bendi ya dansi, na mwalimu wa kwaya alikuwa hampi hata salamu. Wewe ukaondoka, naye akaendelea vile vile. Bendi akaiacha, akaimba tangazo la sabuni ambalo watoto wa mtaa huu wanaliimba mpaka leo wakitumwa kufua. Halafu, mtu mzima na miwani yake, akajiunga na vijana wa muziki wa kufokafoka.

Kiongozi wa bendi ndiye aliyembandika jina la Mpangaji. Alisema mama huyu hana muziki anaokaa, anapanga tu, akichoka anafunga virago. Jina likashika. Dada alikuwa akilicheka mbele za watu, lakini mimi ndiye ninayemshonea nguo, na mtu unayempima mbele ya kioo hawezi kukuficha uso. Lilikuwa linamuuma.

Basi, ukumbi mkubwa wa mjini, ule wenye viti vyekundu, ukaamua kumwandalia onyesho la heshima kwa kazi yake yote. Meneja alitaka aimbe dansi tu, kwa kuwa ndiyo inayovuta watu. Dada akagoma. Alitaka kwaya, bendi na vijana wapande jukwaa moja kwa wimbo mmoja. Meneja akakubali kwa shingo upande: mazoezi ya mwisho yakivurugika, kwaya na vijana wanabaki majumbani kwao. Dada akazunguka mwenyewe kuwabembeleza. Walikuja, kaka, ila kila kundi lilijikalia kwenye pembe yake kama wakwe waliogombana.

Nilikuwepo, nimebana pini mdomoni, namalizia pindo la gauni lake. Hutaamini kilichoharibu mambo. Sauti zilikuwa nzuri, vyombo vizima. Walishindwa kuanza. Kwaya haifungui mdomo mpaka mwalimu ainue mkono. Bendi inangoja mpiga ngoma agonge vijiti. Vijana wana hedifoni masikioni, na binti yao wa kompyuta ndiye anayewabonyezea mdundo ambao wao tu wanausikia. Mwalimu akainua mkono, bendi wakabaki wanatazamana. Vijiti vikagonga, kwaya kimya. Binti akabonyeza, vijana wakatimua mbio peke yao huku wengine wakiwakodolea macho. Wakarudia, ikawa yale yale.

"Kwaya yangu haiamshwi kwa vijiti," mwalimu akasema.

"Na mimi nimezeekea kwenye vijiti, sianzi leo kufuata mkono wa mtu," akajibu kiongozi wa bendi.

"Wazee wangu, si mvae tu hizi tumalize?" binti akasema, akiwanyooshea hedifoni. Hakuna aliyezipokea.

Meneja akatazama saa, akaanza kukusanya karatasi zake. Niliona maneno yako ya jikoni yanatimia mbele ya macho yangu.

Dada akasogea katikati, akavipa mgongo vile viti vyekundu, akawatazama wao. Akamwambia mwalimu ashushe mkono, mpiga ngoma alaze vijiti, vijana wavue hedifoni.

"Msihesabu," akasema. "Sikilizeni ninavyovuta pumzi."

Akaimba mstari wa kwanza peke yake, taratibu, bila chombo. Mwisho wa mstari akavuta pumzi, ile pumzi yake ndefu ya kupandisha mabega, na hapo wote wakaingia. Wote kwa mpigo. Hakuna mtu pale ambaye hakuwahi kuimba au kupiga nyuma ya mabega yale, kaka, wanayajua. Nilimeza mate nikasahau nina pini. Namshukuru Mungu hazikushuka.

Jumamosi yenyewe ukumbi ulifurika mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Mama nilimweka mstari wa mbele. Dada akavuta pumzi, na wimbo ulipoondoka nilisikia sakafu inatetemeka. Kwaya inabeba, bendi inasukuma, vijana wanamwaga maneno juu yake, na dada anapita katikati yao bila wasiwasi wowote. Watu walisimama kabla hata wimbo haujaisha. Mama akamgeukia mgeni wa pembeni, akamwambia kwa sauti ile ya simu ya mbali, "Yule nimemzaa mimi." Nililia, sioni aibu kukuambia. Nililia kwa furaha, na kwa miaka yote niliyomwona akiumia kimya.

Nyuma ya jukwaa ndiko kulikokuwa na kichekesho. Mwalimu wa kwaya alikuwa akimwambia kila apitaye kwamba pumzi ile kaifundisha yeye. Kiongozi wa bendi akadakia kwamba kwaya ilimtoa dada akivuta pumzi kama anayenusa mchuzi, na kwamba yeye ndiye aliyemnyoosha. Binti wa kompyuta akasema wote wawili waache uongo, mama huyu hakuwa na pumzi yoyote mpaka alipoanza kufokafoka nao. Walibishana mpaka fundi wa taa akawazimia. Watu wale wale waliomkana sasa wanamgombania, na mwenyewe amekaa juu ya spika, amevua viatu, anacheka mpaka miwani inaloa.

Jana wakakutana nyumbani kwake, wakakubaliana kusafiri pamoja. Mji wa kwanza ni huo wenu, mwezi ujao. Dada alitaka kukushtukiza, lakini nakujua, utasema una zamu. Omba ruhusa leo. Toka uondoke hujamsikia akiimba.

Mpe wifi salamu zangu nyingi, gauni lake nimeshalimaliza, dada atamletea. Watoto wakumbatie kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakusalimu kwa kelele zake zote. Mungu aibariki nyumba yenu na awape usingizi wa amani.

Ila kuhusu malazi, wifi aliwahi kusema siku dada akija kuwatembelea atalala chumba cha watoto. Kaka, uliogopa atazeeka bila watu. Hao anaokuja nao hawaenei kwenye basi moja. Anza kutafuta pa kuwalaza.

Ni mimi kitinda mimba wenu, akupendaye siku zote.