Msiba wa Ghala la Tatu

Jumatatu, 10 Septemba 1984

Barua ya Paskali imefika, pamoja na miche miwili ya sabuni. Sabuni ya kweli, inayotoa povu! Imeletwa na dereva wa lori la mbolea, imeviringishwa kwenye fulana kuukuu. Mwezi wa tatu huu tunafulia majivu. Mche mmoja ni wa Mama na wifi Hilaria kule Nakwa. Wa pili nimeukata katikati kwa uzi, nusu nimempa Mzee Herieli. Kaunusa kama mkate. Ndiye mkuu wangu hapa kituoni, na ndiye aliyenifundisha redio koli miaka saba iliyopita, wakati wenzake walisema mwanamke hataweza. Siwezi kumnyima.

Wakati wa chai nimemsomea barua. Kaka yangu analinda bandari ya Tanga. Anasema mwezi huu amepangiwa zamu ya alfajiri, ghala la tatu, yeye na wenzake wawili, na mbu wa huko wanauma mpaka ndani ya soksi. Mzee Herieli kacheka, kisha na yeye kanisomea waraka wake. Nchi jirani zimepatana kulinda bandari kwa pamoja. Moto, wizi, hujuma — bandari moja ikipatwa, nyingine zote zijue, na vituo vya bara vijue, ndani ya saa moja. Kwa hiyo kutakuwa na mazoezi ya kupashana habari. Babati tunalinda bandari, sisi wenye ziwa la viboko! Lakini Arusha na Singida hawasikilizani vizuri redioni, na katikati niko mimi. Tanga watawapa Arusha, Arusha watanipa mimi, mimi nitawapa Singida.

Kila ujumbe wa mazoezi utaanza na neno ZOEZI na kuishia na neno ZOEZI. Imeandikwa. Nimeiona kwa macho yangu.

Alhamisi, 13 Septemba

Mgeni kutoka Arusha, kavaa suti ya Kaunda. Kajifungia na Mzee Herieli saa mbili nzima. Nimewapelekea chai isiyo na sukari, wakanyamaza mpaka nilipotoka. Mgeni kanitazama kama mtu anayetaka kununua ng'ombe. Nikajisemea, labda ni cheo hicho kinakuja.

Jumanne, 18 Septemba

Naandika usiku.

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi Arusha wameniita. Ujumbe wa haraka kutoka Tanga. Hakuna neno ZOEZI. Nimeuliza mara mbili: huo ndio mwanzo wa ujumbe? Wamesema ndio, andika. Moto bandarini Tanga. Ghala la tatu. Walinzi wa zamu ya alfajiri, wote watatu, wamefariki. Malori ya mizigo yazuiwe kwenda pwani.

Nimeandika kwa herufi kubwa, kama nilivyofundishwa. Nimewaita Singida, nikawapa neno kwa neno, wakanirudishia neno kwa neno. Sauti haikukatika. Nilipofika kwenye "wote watatu" nilishika meza. Mzee Herieli alikuwa amesimama nyuma yangu, anatazama saa yake.

Nikamwambia, Mzee, ni Paskali huyo. Akasema, maliza kwanza kujaza daftari. Nikamaliza. Nikaomba niwaulize Tanga majina. Akasema njia iachwe wazi, kuna ujumbe mwingine unaweza kuja. Nikaomba ruhusa niende Nakwa. Akasema zamu yako ikiisha. Hakunitazama usoni. Nilidhani anaficha machozi.

Nimekaa mpaka saa nane, napokea bei za mahindi na hali ya barabara. Kisha nimekwenda Nakwa kwa miguu. Mama alikuwa anapepeta maharage. Nikamwambia, Mama, kaa chini. Akasema, sema nikiwa nimesimama.

Jumatano, 19 Septemba

Watu wamejaa uani. Hilaria amenyoa nywele, na watoto wake wanne wamenyolewa. Jirani kachinja mbuzi wake wa pekee. Mzee Herieli kaja mchana, kavaa koti lake jeusi na kofia. Kaushika mkono wa Mama kwa mikono yake miwili, kasema poleni sana. Kakaa kwenye benchi pamoja na wanaume, kala kidogo. Nilimshukuru. Kweli nilimshukuru, nikamsindikiza mpaka barabarani.

Ijumaa, 21 Septemba

Lilikuwa zoezi.

Kaniita ofisini, kafunga mlango, kaniambia. Tanga hakuna moto. Paskali mzima. Lile neno liliondolewa kwa makusudi, ili watupime tukiwa hatujui. Na wakuu wa vituo waliagizwa wasiseme kitu mpaka siku tatu ziishe na majibu ya nchi zote yakusanywe. Babati tumetumia dakika sita tu. Kuna vituo vilitumia nusu saa. Kasema, hongera.

Hongera!

Nimemuuliza, na juzi kwa Mama ulikwenda kufanya nini? Kasema, nisingekwenda watu wangeshangaa.

Ndugu yangu yu hai na mimi nimeshindwa hata kufurahi. Nilirudi chumbani kwangu mtaa wa Bagara, nikakaa kitandani na viatu miguuni. Hasira tupu. Alikula ile nyama. Jirani hana mbuzi mwingine, na mtu huyu alikula ile nyama huku anajua.

Jumapili, 23 Septemba

Mama kanizuia mlangoni. Kaongea akiwa ndani, kwa Kiiraqw, sauti ya kawaida kabisa. Redio ilisema amekufa, sasa redio inasema hajafa. Nani kamwona? Na kama yu hai, basi nyumba hii imemlilia mtu aliye hai, na hilo ni baya zaidi. Wazee wameamua nyumba ikae peke yake. Hakuna kuazima moto kwa majirani, hakuna kuchota maji pamoja na wengine, hakuna mgeni kuingia, mpaka watakaposema basi. Padre naye kapita, kasema inatosha misa ya shukrani. Mama kakubali yote mawili.

Kasema, sina ugomvi na wewe, mwanangu, lakini usije tena hapa na maneno ya kwenye redio. Nikamwambia, Mama, na mimi nimedanganywa. Akasema, najua, lakini ni kwa kinywa chako nilisikia.

Hilaria alikuwa nyuma yake, kajifunga kitambaa. Nimemwita wifi mara mbili, hakuitika. Alikuwa na nywele nzuri, mpaka Paskali alikuwa anazisifia kwenye barua.

Jumatano, 26 Septemba

Nimepewa barua ya onyo. Eti nimevujisha ujumbe wa usalama kwa raia na kusababisha mkusanyiko. Mkusanyiko! Ni msiba.

Nakala yake ilikuwa ndani ya faili, na faili likaachwa mezani kwa Mzee Herieli alipokwenda kuangalia betri. Nimelifungua. Mwandiko wake naujua, ndio ulionifundisha kujaza daftari. Tarehe 13, siku ile ya mgeni. Ameandika: mpokezi wangu ana kaka yake, mlinzi bandari ya Tanga, ghala la tatu, zamu ya alfajiri. Ujumbe ukitaja hapo, tutajua kama mpokezi anaweza kufanya kazi akiwa na msiba wake mwenyewe.

Kwa hiyo Tanga hawakuchagua ghala la tatu. Kachagua yeye. Kalitoa kwenye barua niliyomsomea mwenyewe, tukinywa chai, na nusu mche wangu wa sabuni uko mfukoni mwake.

Nimemngoja palepale, faili liko wazi. Hakukana. Kasema, nilikuwa na uhakika na wewe, Kandida. Mwingine angetupa kila kitu na kukimbia. Nilitaka wakubwa wajue huku Babati kuna mtu. Nikamuuliza, na hili onyo? Akasema limetoka juu, yeye angefanyaje. Macho yalikuwa mekundu. Sijali. Angelia tarehe kumi na nane, tungelia pamoja.

Alhamisi, 27 Septemba

Nimeingia kazini bila kumpa shikamoo. Kangoja. Mwisho kasema mwenyewe, habari za asubuhi, Kandida. Nikasema nzuri. Miaka saba sijawahi.

Jumatatu, 1 Oktoba

Telegramu! LIKIZO IMETOKA NAFIKA JUMAMOSI HILARIA APIKE NDIZI PASKALI.

Hajui kitu. Hajui kabisa! Nimelia na kucheka kwa pamoja. Bi Mwanne mwenye nyumba wangu kaja kuuliza kuna nini, nikamsomea. Akasema, haya, marehemu kaagiza chakula.

Nimekwenda Nakwa. Sikuvuka mlango, nimeiweka telegramu kizingitini nikaiwekea jiwe, nikarudi nyuma hatua kumi. Hilaria kaichukua, kaisoma, kamsomea Mama. Kisha Hilaria kanisemesha kwa mara ya kwanza. Kasema, wifi, nitamwambia nini kuhusu hiki kichwa?

Jumamosi, 6 Oktoba

Basi la Arusha halikuja. Wanasema dizeli. Hilaria alikuwa stendi tangu saa nne, kasimama mbali na watu kama alivyoagizwa, sufuria ya ndizi imefungwa kwa kanga. Tumesimama wote mpaka saa kumi na mbili jioni, yeye kule, mimi huku.

Jumapili, 7 Oktoba

Halikuja tena. Ndizi wamekula watoto.

Jumatatu, 8 Oktoba

Saa mbili asubuhi. Naandika hapahapa mezani. Daftari la kazi liko pembeni, sijaligusa.

Arusha wameniita. Ujumbe wa haraka kutoka Tanga. Ajali gatini, kamba ya winchi imekatika. Makuli wawili na mlinzi mmoja wamefariki. Gati limefungwa, vituo vyote vijulishwe. Mwanzoni hakuna ZOEZI. Mwishoni hakuna. Majina hakuna.

Paskali yuko likizo. Paskali amekwama njiani, anamtukana dereva. Au likizo iliahirishwa na hajaondoka. Walinzi wa Tanga ni wengi. Ni wengi sana.

Mzee Herieli kasoma juu ya bega langu. Kasema, Kandida, hii mimi siijui. Naapa siijui. Nimemtazama. Uso ni uleule aliomletea Mama msibani. Sina tena namna ya kuusoma.

Kasema, peleka Singida, dakika zinakwenda. Nimesema hapana. Nimechana nakala, nimemkabidhi mkononi. Nimemwambia, mimi nimeonywa, siruhusiwi kupeleka ujumbe kwa raia. Nenda wewe Nakwa. Simama pale mlangoni kwa Mama, umwambie wewe.

Kama ni zoezi, hatafika. Sidhani hata yeye anaweza kumfanyia yule mama vile mara ya pili. Atageuka njiani, atarudi, atasema nisamehe, na mimi nitamtukana vizuri, na nitafurahi.

Kaikunja karatasi mara mbili. Kisha kachukua koti lile jeusi nyuma ya mlango. Kavaa kofia. Katoka.

Singida wananiita. Babati, Babati, unanipata? Sijibu.

Namwona kwa dirisha. Anakwenda polepole. Amepita duka la ushirika. Amepita kwa fundi baiskeli, kasalimiwa, hakuitika. Hajageuka. Sasa yuko pale njia ya Nakwa inapoanzia. Amesimama —

Geuka, Mzee.

Singida wanaita tena.

Amevua kofia. Anaendelea kwenda.