Ukuta Wetu wa Chaka

Wachuka mpenzi,

Ndoa ni tamu! Mutahi amenijengea nyumba hapa Chaka, na kila asubuhi ananiita malkia kabla sijafumbua macho. Unakumbuka vijia vinne vya kutoka kwenu hadi barabara kubwa? Mji unakua, ploti zinauzwa, na vitatu vilishazibwa. Cha nne kilipita pale sebule yetu ilipo. Mutahi amekiziba kwa ukuta wa mawe, mzuri ajabu!

Mama yako alipozidiwa Jumapili, kaka yako alikuja kugonga lango, amembeba mgongoni. Tulikuwa na wageni, tunakata keki.

"Mutahi, tupitishe tu! Gari linangoja hapo mbele!"

"Zunguka kwa soko kama wengine, bwana. Nikikufungulia leo, kesho ni njia tena."

Mume mwenye msimamo! Nilimlisha keki kwa mkono wangu.

Kaka yako alizunguka kilomita tatu. Mama alikata roho karibu na soko. Pole, dada.

Ukija kutoka Mombasa kuzika, jeneza lipitie huko huko. Nyasi zetu ndiyo kwanza zinaota.

Rafiki yako mwenye furaha tele,
Murugi wa Mutahi