Ripoti ya Kiwanda cha Nguzo

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo. Miaka mitatu nimesoma usimamizi wa mazingira — udongo, maji, sheria, takwimu zilizonitoa machozi — ili leo nikabidhiwe kazi ya kutoboa karatasi. Ofisi ni vyumba viwili juu ya duka la vigae. Bosi anajiita Mtaalamu. Hata simu anapokea hivyo: Mtaalamu hapa. Wanaandika ripoti za athari kwa mazingira kwa kila anayetaka kujenga kitu. Wiki nane niko chini yake, na yeye ndiye atakayenipa maksi. Bila maksi hizo sihitimu. Basi nikatoboa, tena kwa tabasamu.

Nyumbani mama kanipokea kama waziri. Shemeji, mume wa dada, akapaza sauti kutoka jikoni: mwanamazingira, njoo, sinki limeziba. Wakacheka wote. Nikalizibua.

Jumatano, 5 Juni

Mjomba kaja, na swali lake lilelile. Ukimaliza utakuwa nani hasa? Mkaguzi wa vyoo? Nikamweleza kwa mara ya mia: viwanda, migodi, barabara, kote wanahitaji watu wa fani yangu. Akauliza mbona rafiki yangu aliyemaliza mwaka jana anauza vifuniko vya simu. Mama akaingilia kati: wangu tayari ana ofisi. Ofisi! Nina stuli karibu na printa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepewa ripoti yangu ya kwanza. Kiwanda cha kutibu nguzo za umeme — nguzo zinalowekwa kwenye dawa kali ili zisiliwe na mchwa. Nikafurahi kama mjinga. Nikauliza lini tunakwenda kuona eneo. Mtaalamu akanitazama kwa huruma, akafungua ripoti ya zamani ya hoteli moja ya ufukweni. Badilisha majina tu, akasema, mengine yanafanana.

Nimebadilisha. Hoteli — kiwanda. Wageni — wafanyakazi. Ukurasa wa kumi na tisa nakuta kiwanda kinaagizwa kuzima taa za nje ili kasa wanaotaga mayai wasipotee njia. Kasa! Kutoka pale hadi baharini ni safari ya siku nzima kwa basi. Nikamwonyesha. Bila kuinua macho akasema: toa kasa.

Jumanne, 11 Juni

Leo ni fomu arobaini za maoni ya majirani. Nijaze mwenyewe, anataka Mtaalamu, nikibadilisha kalamu kila baada ya fomu tano. Mpiga chapa, dada mpole aliye hapa mwaka wa sita, kanipa kopo lake la kalamu. Bluu, nyeusi, na moja inayovuja — hiyo ni ya wazee. Wazee wote waombe vijana wao wapewe ajira. Asipinge mtu. Alinielekeza kwa upole kabisa, kama anayemfundisha mgeni kuwasha jiko.

Nimezitia begini nikadanganya kwamba nazijazia nyumbani.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekwenda mwenyewe kwenye eneo la kiwanda. Mabasi mawili, kisha mguu. Nyumba ni kumi na moja, si arobaini, na kila moja imenijazia fomu. Wengi hawajui kinajengwa nini, wanadhani ni ghala. Nyuma ya uzio shimo la dawa limeshachimbwa. Kutoka hapo hadi kisima nimehesabu hatua ishirini na sita. Ishirini na sita!

Kisima ni cha mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu mstaafu, alikichimba na marehemu mumewe. Nyumba zote zinachota hapo. Kanipa kiti kivulini, kauliza nasoma nini. Nilipomwambia hakutaja vyoo. Akasema: kumbe mnafundishwa kutulinda. Nikamweleza itakuwaje shimo likivuja. Fomu yake kaijaza mwenyewe, mistari ikamwishia, akageuza nyuma. Kisha akaniuliza kama na mimi nitayaandika hayo. Nikamwambia ndiyo mama, yote.

Ijumaa, 14 Juni

Niliandika ukurasa mzima kuhusu kisima. Mtaalamu kausoma akiwa amesimama. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema nina kipaji, kwamba mwezi wa tisa kuna nafasi ya ajira na ananifikiria mimi. Halafu akasema wenye kiwanda wanataka ripoti leo, na kisima kitawachelewesha mwaka mzima. Akautoa ukurasa wangu, akarudisha sentensi ya hoteli: hakuna chanzo cha maji jirani na eneo la mradi. Mpiga chapa akajaza fomu arobaini kwa saa moja na nusu.

Ikaja karatasi ya waandishi wa ripoti. Jina langu ni la pili, chini ya lake. Nikasaini.

Naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye: hakunishika mkono. Nilifikiria maksi, nikamfikiria mjomba, nikasaini. Najichukia.

Jumapili, 16 Juni

Mama kawaambia ndugu wote kuhusu kazi ya mwezi wa tisa. Simu haziishi. Mjomba kanipongeza kwa unyenyekevu mpya. Nimesema kichwa kinauma, nikajilaza. Kweli kinauma.

Jumatano, 26 Juni

Mkutano wa wananchi kuhusu ripoti. Mtaalamu kapiga simu saa moja asubuhi: ana homa, niende peke yangu, nisome muhtasari, nisijibu maswali. Homa! Jana alikuwa anatafuna karanga na kucheka. Kala kona, kaniachia mzigo.

Ukumbi wa shule, watu kama sitini. Nakala za ripoti ni mbili tu, zote meza kuu, moja mbele ya ofisa wa serikali, nyingine kwa wenye kiwanda. Mama mwenye kisima yuko mstari wa mbele kwa nguo zake za kutokea. Kaniwekea kiti. Kawaambia majirani huyu ndiye binti aliyetufuata kwa miguu, kaandika yote. Wamenipigia makofi kabla sijafungua mdomo.

Nimeomba kwenda choo. Naandika nimesimama, daftari nimelibana ukutani. Fomu kumi na moja za kweli ninazo begini, sikuweza kuzitupa. Nikizisoma — maksi kwaheri, kazi kwaheri, na jina langu bado liko kwenye uongo. Nikisoma muhtasari, watasikia kwa sauti yangu kwamba kisima chao hakipo. Mwandiko gani huu.

Mlango unagongwa. Ni mama mwenye kisima. Mwanangu, wanakusubiri, anasema. Usiwaogope hawa. Wewe waambie tu ulivyoandika.