Chupa Nne za Nélida

Oruro, 4 Machi

Mdogo wangu Yobana,

Hujambo huko Campinas? Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, magoti tu yanamsumbua. Chupa zako nne nimezituma na mzigo huu: visima vinne vya kandokando ya mgodi, kama ulivyoagiza. Nimezilowesha kwenye tindikali siku tatu, sikuvaa pete, sikupaka mafuta mikononi. Na usinifundishe tena, kuosha chupa nilikufundisha mimi.

Mama amebandika picha yako na ile mashine pale ilipokuwa picha yangu ya mahafali. Kila mgeni anaambiwa binti yake daktari anapima chembe za madini ambazo hakuna jicho linaloziona. Mimi nipo hapo hapo, namimina uji wa api vikombeni. Nafasi ya kwenda kusoma huko tuliomba sote wawili, na alama zangu zilizidi zako. Nilibaki kwa ajili ya Mama. Nakuonea wivu, Yobana, wala sifichi.

Dada yako,
Nélida

Campinas, 29 Aprili

Dada Nélida,

Shikamoo. Natumaini mu wazima na magoti ya Mama yamepoa. Mimi mzima, ila sina raha.

Chupa zote nne zina madini ya risasi, mara sita ya kiwango kinachoruhusiwa. Chupa ya kulinganishia, ile tupu uliyoiosha na kuituma pamoja nazo, ni safi kabisa, kwa hiyo si uchafu wa mikono yako. Profesa Iracema, msimamizi wangu, angefurahi, lakini tarakimu za chupa nne zinafanana mno. Ameniambia visima vinne haviwezi kuwa na maji mamoja, na nisipopata maelezo mkataba wangu hautaongezwa. Dada, uliyateka wapi?

Mdogo wako,
Yobana

Campinas, 24 Mei

Dada,

Shikamoo tena. Karibu mwezi mzima kimya, na simu hupokei. Kama umenikasirikia, nitukane, lakini nijibu.

Yobana

Oruro, 11 Juni

Yobana mdogo wangu,

Salamu nyingi. Afya zetu nitakueleza hapo chini.

Mgodini sikwenda. Siku ile Mama alikuwa akimsomea jirani barua yako kwa mara ya tatu, nikapandwa na hasira. Nikajaza chupa zote nne kwenye kisima cha uani kwetu, nikabandika majina ya visima vyako. Nilijua maji yetu ni safi, mashine isingekuta kitu, na profesa wako angekuona mjinga urudi nyumbani. Nilitaka urudi, tukae sawa.

Mwambie profesa kosa ni langu, aandike jina langu lote.

Kisima nimekifunika. Mama analalamika kwamba maji ya kununua yanaharibu ladha ya api, na bado sijamwambia kwa nini. Kesho nampeleka kupimwa damu, nami nitapimwa. Nimeyanywa maji haya miaka thelathini na sita. Wewe uliyanywa ishirini na mbili tu, ukaondoka. Hata hapo nakuonea wivu.

Dada yako,
Nélida