Safu ya Mwisho

Jumanne, 4 Machi
Mama nimemgeuza saa kumi na moja. Uji. Dawa. Shuka zimefuliwa na hazitakauka. Mvua ya Matogoro haina huruma. Sare za kwaya ninazoshona bado hazina mikono.

Keshokutwa kliniki. Utaratibu ni uleule: mgonjwa asipoonekana kwa macho, dawa ya presha haitoki. Mwezi uliopita dereva wa bajaji alimshika vibaya, Mama akaanguka mbele ya foleni nzima. Alilia. Tangu apate kiharusi sikuwa nimewahi kumwona akilia. Sitaki kumpeleka tena. Nitampeleka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimembeba. Hakuanguka. Tumekaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa sita, ili mtu amtazame na kusema yupo.

Pembeni yetu Bi Zuhura, jirani aliyehamia kutoka Tunduru, na mwanawe mgongoni. Mtoto ana mtindio wa ubongo, ana miaka kumi na mmoja, mzito. Na mama mtu amefunga saumu. Nikamwambia tuandike barua kwenye kata. Akasema, "Wewe andika, mie nitawatafuta watu."

Tunachoomba: anayeuguza mtu nyumbani achukue dawa kwa kadi ya mgonjwa, na mhudumu wa afya wa mtaa apite kumpima mgonjwa hukohuko kitandani. Basi.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya sala ya jumuiya nimekusanya majina ya kuambatanisha na barua. Bi Zuhura kaleta ya upande wake. Daftari nimelichora safu: jina, mtaa, anamuuguza nani, kazi. Wengi walikuwa wanawahi wagonjwa wao, nimewajazia mimi. Kazi? "Nipo tu nyumbani, dada." Nikaandika: hana. Mstari baada ya mstari, kwa mwandiko mzuri. Hata nimejisifu.

Jumatano, 12 Machi
Kwa mtendaji wa kata. Yeye ndiye wa kulifikisha ombi letu kwenye kikao cha kata. Amesoma kwa utulivu, kisha akaweka kidole kwenye safu ya mwisho.

"Dada, hawa wote hawana kazi. Muda wanao. Foleni inawashinda nini?"

Nimesema asante. Asante! Nikachukua daftari langu nikatoka.

Nimeshona kwa hasira, uzi umekatika mara tatu. Hasira kwake ni kidogo. Nyingi ni kwangu.

Alhamisi, 13 Machi
Tangu jana nawaza jambo moja. Shuleni tulijaza fomu kila mwaka. Kazi ya baba: mkulima. Kazi ya mama: hana. Niliandika hivyo miaka yote ambayo Mama alikuwa akimuogesha bibi, asiyeona wala kutembea. Na shamba alilima yeye pia. Hakuna aliyenisahihisha. Mama hakwenda shule, alitia dole gumba tu, fomu ikarudi.

Leo wakati wa kumgeuza sikuweza kumtazama usoni.

Jumapili, 16 Machi
Nimeanza upya, nyumba hadi nyumba. Siulizi kazi tena. Nauliza: tangu umeamka umefanya nini? Wanacheka. "Aa, sijafanya kitu mimi." Halafu wanaanza kutaja, na mimi naandika.

Bi Zuhura alianza na kumnyoosha mtoto viungo kabla ya daku. Hatujafika saa nne asubuhi, ukurasa umeisha. Akautazama.

"Kumbe," akasema. Hilo tu.

Mtendaji nimemrudia nyumbani kwake na kurasa hizi, kakubali tuingie kwenye kikao cha tarehe 25. Saa tatu asubuhi. Saa ambayo sisi wote tunaogesha wagonjwa! Aliyeipanga hajawahi kuogesha mtu. Wengine hawataweza kuja. Nitakwenda peke yangu, Bi Zuhura abaki na Mama. Naogopa. Wakikataa, ni bajaji na benchi mpaka Mama afe.

Jumanne, 25 Machi
Nimesoma. Sikutoa hoja yoyote, nimesoma daftari tu. Ukurasa wa Bi Zuhura. Wa mzee anayemlisha mkewe kwa kijiko. Mjumbe mmoja alipiga miayo, nikamchukia papo hapo. Mwisho nikasoma wangu. Mtendaji akauliza nashona saa ngapi. Nikasema, Mama akilala.

Dawa kwa kadi: wamekubali, kwa majaribio ya miezi mitatu. Mganga wa zahanati alikuwepo, hakupinga. Mhudumu wa mtaa atapita kupima. Kuifanya iwe kanuni ya manispaa nzima: watalipeleka juu. Maana yake naijua. Nitarudi.

Nje mtendaji amenifuata. Mama yake yuko Namtumbo, anauguzwa na dada yake. Kasema hajawahi kumuuliza dada huyo anaamka saa ngapi. Sikumsaidia kwa neno lolote. Baadaye nimejuta kidogo.

Jumanne, 8 Aprili
Leo nimekwenda na kadi peke yangu. Kilichonichelewesha ni matope. Muuguzi alifungua daftari jipya. Jina la mgonjwa. Jina la anayemuuguza. Kazi. Akasubiri, kalamu mkononi.

Nikasema, "Namuuguza mama yangu. Na ni fundi cherehani."

Akaandika kwa mpangilio huohuo.

Nyumbani nimemkuta Mama kama nilivyomwacha, mkavu, hajasumbuliwa. Nimemsimulia. Kisha nikamwambia na lile la fomu za shule: kazi ya mama, hana. Nilidhani hakuwa anajua.

Maneno yake siku hizi hutoka taratibu, kwa upande mmoja wa mdomo. Nimesubiri.

"Neno hilo nilijua kulisoma," amesema.

Nimemshika mkono, ule usiosikia, kisha nikahamia upande wa pili nikashika ule unaosikia. Akaubana wangu. Mvua imekatika, nimetoa shuka nje. Saa sita nimemgeuza.