Yai Moja la Wifi

Jumatatu, 10 Machi

Mayai matano yametoka kwa wifi, manne hayafai. Moja tu limekomaa. Nimelitazama kwenye hadubini mpaka jicho likatoa machozi. Ukitaka kujua kama yai limekomaa, tafuta kichembe kidogo pembeni mwake, kama punje ya chumvi. Hicho ni ndugu yake. Yai likijigawa kabla ya kukutana na mbegu halijui haki — moja linachukua chakula chote, jingine linasukumwa ukutani likafie huko. Na ndivyo inavyotakiwa.

Mama alitugawa hivyo hivyo mimi na kaka. Kaka nyumba, mimi chumba cha nyuma ya jiko, humo humo kwa kaka. Sina kinyongo. Ninacho kidogo.

Mwenzangu wa maabara yuko likizo ya uzazi (ndiyo, ya uzazi), kwa hiyo kazi ya wifi imeniangukia mimi. Daktari kanionya: matokeo anayatoa yeye, si mimi, hata kama mgonjwa tunakula naye sahani moja. Nikasema sawa, daktari. Mbegu ya kaka nimeidunga ndani ya yai kwa mkono wangu mwenyewe. Hilo sitalisimulia popote.

Jumanne, 11 Machi

Limeshika!

Jioni, kabla ya kuvua koti, nikachungulia tena. Seli mbili. Sawa kwa sawa, hakuna iliyomdhulumu mwenziwe. Hatua hii, hicho ndicho tunachokiomba — wagawane pasu kwa pasu.

Nikafika nyumbani, wifi mlangoni. Hakuuliza kitu. Kanipakulia, kaniwekea na nyama yake juu ya yangu, kasimama na mwiko mkononi. Nani angeweza kunyamaza? Nikasema: ziko mbili, zimelingana kabisa. Wifi akakaa sakafuni pale pale. Kaka akatoka bafuni na povu masikioni. Kuta zina masikio, na masikio ya kuta zetu ni mama: hata sijamaliza kutafuna, nikamsikia anampigia shangazi simu.

Nilifurahi. Naandika ukweli. Kwa mara ya kwanza katika nyumba hii mimi ndiye niliyeleta kitu.

Jumatano, 12 Machi

Seli nne. Lakini moja kubwa, moja ya kati, mbili ndogo sana, na makombo yametapakaa katikati. Nimezungusha kioo, nimefuta lenzi, nimetazama upya. Makombo hayakwenda kokote. Nikafunga inkubeta, sanduku lao la joto, nikaenda kukaa chooni.

Daktari naye alitazama. Mimi nikaanza kubishana naye kama wakili: kwani mwili haujigawi visivyo sawa? Seli shina ya damu si inatoa mbili, moja ikabaki nyumbani kuwa shina, nyingine ikaenda kuwa damu? Akasema ndiyo, ila hiyo ni baadaye, kukiwa na kazi za kugawana. Leo hakuna kazi, ilitakiwa walingane tu. Akasema amewahi kuona viinitete vya namna hii vikawa watoto. Wachache. Kesho atawaeleza mume na mke, waamue wenyewe kama kiinitete kiwekwe tumboni. Mimi nisiseme neno.

Neno nimeshalisema. Mdomo umeponza kichwa.

Nyumbani kama kuna harusi. Mama anapima dirisha langu kwa shubiri, anataka pazia la mtoto. Nikamwuliza mimi nitalala wapi, akasema tutaona. Mama huyu huyu aliyesema mwezi uliopita kwamba mara hii ikishindikana, ukoo ukae kikao kuhusu huyo mke.

Kaka alinifuata jikoni nikiosha vyombo. Akaniita Daktari wa Vitone, tukacheka. Halafu akashusha sauti. Mara ya kwanza ilipoharibika, alisema, wifi yako alilala mwezi mzima akitazama ukuta. Kama kingekuwa kibaya nisingekubali kiwekwe, simtesi tena bure. Lakini kwa neno lako nimeshatia sahihi fomu ya kukubali. Akanishika bega. Nikasema usijali.

Ningesema nini? Nikimwambia, nimevunja amri ya kazi mara ya pili na nimemkatia wifi njia. Nisipomwambia, ametia sahihi kwa kudanganywa na dada yake. Kazini nimebanwa, nyumbani nimebanwa.

Alhamisi, 13 Machi, asubuhi

Wifi amekaa kitandani kwangu na mlango ameufunga kwa ufunguo. Naandika ili nisimtazame.

Amesema tangu jana simtanii. Mchuzi ulizidi chumvi, nami nikala kimya. Akajua.

Nikamwambia yote. Akauliza kiko hai? Nikasema kiko hai. Akasema basi kiwekwe.

Na kaka? Akasema kaka akiona koti jeupe tu hutoka jasho, akimwambia abaki nje na mama atashukuru. Daktari atauliza kama mume ameelewa. Yeye atajibu ndiyo. Mimi kazi yangu ni kuitikia kwa kichwa. Basi. Nikasema kaka angekuzuia kwa kukupenda, wifi. Akasema anajua, kama angekuwa mkorofi ingekuwa rahisi. Akasema nikikataa hatanilaumu, ila mwili ni wake, na kikao kikikaa yeye ndiye atakayekaa katikati, si mimi wala kaka.

Mikono yake iko magotini, imetulia. Yangu inaandika.

Honi. Mama yuko garini tangu alfajiri, kavaa vitenge vipya. Honi tena. Sasa kaka yuko mlangoni anagonga, anauliza nyie wawili kuna nini humo.

Wifi amesimama. Kajifuta uso, kafungua mlango nusu. Sauti yake haina hata mkunjo. Tunakuja, anamwambia. Dada yako alikuwa ananieleza tena seli zilivyolingana.

Kaka amecheka. Anasema kweli, dada?

Wamenigeukia wote wawili. Nimesema navaa viatu.