Siku Tano za Mama

Usagara,
Tanga.
Jumatano, 13 Novemba 2024

Mpendwa wifi yangu Tausi,

Asalaam aleikum. Hujambo huko Maskati? Shemeji Hemedi hajambo, na watoto bado wanasema Kiswahili au wameshahamia Kiarabu moja kwa moja? Na goti lako je, umelionyesha kwa daktari au bado unalisugua mafuta ya karafuu na kumwachia Mungu? Sisi hapa tuwazima, alhamdulillahi. Mama yako anakohoa kidogo asubuhi, lakini nimemsikiliza kifua, hakuna kitu. Ni vumbi la kupepeta mchele.

Utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Binti wa Batulbai wa duka la vitambaa, yule aitwaye Sana, anakuja huko Ijumaa, nami nimemkamata. Simu siitaki kwa jambo hili. Nyumba hii ukizungumza chumbani, wanaofua uani wanakujibu.

Tangu kaka yako Ayubu atutoke, Mungu amrehemu, nimekaa eda yake humu ndani, na kukaa kwenyewe sikukuzoea. Mimi ni mtu wa kutembea wodi kutwa. Nimeyapanga makopo ya jikoni kama dawa stoo, linaloharibika mapema likae mbele. Mama anayarudisha alivyozoea, kesho yake nayapanga tena.

Kuna jambo sikukwambia. Mwezi wa tisa ilikuja barua kwamba nimechaguliwa kusoma shahada ya uzamili ya uongozi wa uuguzi, Dar es Salaam, miaka miwili. Ruhusa ya kazini nayo imetoka. Maombi tuliyapeleka na Ayubu mwezi wa sita, yeye kwenye kompyuta, mimi nikimsomea vyeti. Alisema, "Nenda, Nasma. Nimechoka kukusikia ukiwagombeza mabosi wako juu ya sahani yangu ya wali." Unamjua kaka yako.

Na kweli nilikuwa nawagombeza. Miaka kumi na mmoja niko wodi ya watoto, minne nikiwa inchaji. Najua kuutafuta mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji mpaka mshipa wenyewe umejificha. Lakini kikikaa kikao cha kupanga idadi ya wauguzi, mimi naitwa mwishoni, napewa karatasi nikaibandike ukutani. Wauguzi wawili kwa watoto thelathini na wanne, zamu ya jioni. Ukiuliza, unaambiwa ndivyo ilivyopangwa. Nataka niwe miongoni mwa wanaopanga, na niwe na hoja na takwimu, si sauti kubwa tu. Sauti kubwa ninayo tayari.

Sasa shida. Mwisho wa kujisajili ni Jumatatu tarehe 25 mwezi huu, mtu mwenyewe afike na vyeti vyake halisi mkononi. Nilipiga simu, wakanijibu kwa upole kabisa kwamba asiyefika nafasi yake anapewa mwingine. Na eda yangu, kwa hesabu yangu, ilikuwa iishe tarehe 26. Siku moja, Tausi! Mwalimu Tahiri wa madrasa alikuwa amenieleza kwamba mwenye haja anaweza kutoka mchana, lakini usiku sharti alale nyumbani. Kwenda Dar, kupanga foleni na kurudi kulala Tanga siku hiyo hiyo, nani anaweza?

Siku hiyo moja ilinikaa kama mwiba wa samaki kooni. Waliokuja kunipa pole wakanikuta macho mekundu walidhani namlilia Ayubu. Nilikuwa namlilia, wallahi, lakini katikati ya kulia nilikuwa nahesabu, na nilijionea haya. Wakaniambia subira yavuta heri. Moyoni nikawajibu, ngoja ngoja huumiza matumbo.

Hesabu niliifanya mwenyewe, kwenye kalenda ya ukutani ya duka la Taizoon. Miezi minne na siku kumi kuanzia Julai 16, na kila jioni nakata siku moja kwa kalamu nyekundu.

Ijumaa iliyopita akaja Bi Saleha, shangazi yenu wa Tongoni. Alipoiona ile kalenda alishika kiuno. "Hivi nyie mwahesabu kwa karatasi ya dukani? Eda yahesabiwa kwa mwezi unaoandama, mwanangu. Ayubu tulimzika tarehe tisa Mfunguo Nne. Huu sasa ni Mfunguo Nane. Tarehe kumi na tisa watoka!" Nikampigia Mwalimu Tahiri. Akacheka, akaomba radhi kwa kucheka, akasema Bi Saleha hakukosea, miezi ya mwandamo ni mifupi kuliko ya kalenda. Kwa kalenda ya ukutani ni Alhamisi tarehe 21, siku tano kabla ya hesabu yangu. Muuguzi mzima, ninayehesabu matone ya dripu kwa dakika, na mwezi sikuukumbuka! Nilitaka kupiga kigelegele, nikajiziba mdomo kwa upindo wa kanga.

Kisha nikamtazama Mama. Mama yako anafunga zile siku tatu za mwezi mpevu, kila mwezi hakosi, na tarehe ya mwezi anaijua kabla ya redio. Kalenda ile alikuwa akiipita kila siku akienda jikoni. Alikuwa anachagua mchele, na kichwa hakukiinua.

"Mama, ulijua?"

"Nalijua. Tangu ulipoanza kukata."

"Mbona hukunambia?"

"Ningekwambia ungekwenda. Nikaona bora chuo kikuzuie kuliko nikuzuie mimi. Eda ikisha, mjane hurudi kwao. Mie nitabaki na nani?"

Nilikasirika, sikufichi. Siku mbili nilimjibu neno moja moja, na wali wake nikaula bila kuusifu. Hata leo hasira haijaisha yote. Lakini nikijilaza namfikiria. Amezika mume, amezika mwana, na binti yake yuko ng'ambo. Amebakiwa na mimi, nisiye wa damu yake, na mimi natazama mlango.

Hapa nakugeukia wewe, wifi, na usininunie. Mwaka wa sita huu wasema mwakani. Mazishini ulikosa kwa ajili ya vibali, najua, kwa hilo sikulaumu. Lakini watoto wakifunga shule njoo nao, hata mwezi mmoja. Bi Saleha amekubali kuhamia hapa, na mimi nitakuwa narudi kila mwisho wa mwezi. Ila mtoto ni mtoto. Mpigie Mama simu kila siku ya Mungu, hata kama ni ya kumgombeza.

Alhamisi hiyo ya tarehe 21 magharibi natoka eda, Ijumaa tunasoma dua, Jumamosi alfajiri naondoka. Naogopa, Tausi. Nina miaka thelathini na minane, na darasani mara ya mwisho tuliandikiwa kwa chaki.

Jana nilikuwa najaza fomu ya chuo. Kuna mahali wanataka jina la ndugu wa karibu, wa kuitwa likikupata la kukupata. Kwa miaka tisa, katika kila karatasi, hapo nimeandika Ayubu Sadalla. Kalamu ilinigomea muda mrefu. Mwishowe nikaandika Mwatumu binti Mbaruku, na kwenye uhusiano nikaandika mama. Mama akaja na miwani yake, akaisoma kwa kidole, neno kwa neno. "Hapa umekosea," akasema. "Mimi mavyaa yako." Nikamwambia kwenye siku nilikosea, hapo sikukosea. Aliingia chumbani kwake, akatoka na sanduku lake la Hija, akalifungua sakafuni mbele yangu, kando ya vyeti vyangu, akaanza kulipangusa vumbi.

Nisalimie sana shemeji Hemedi, Zuwena na mdogo wake Athumani. Mama, Bi Saleha na Batulbai wote wanakusalimu. Mwenyezi Mungu awahifadhi huko mliko, amlaze Ayubu wetu mahali pema, na atukutanishe tukiwa na afya zetu.

Ni mimi wifi yako, akupendaye hata anapokusema,

Nasma